Saa za Kupumzisha Masafa

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na changu kimekwisha muda. Wananchi wake ni wapole, viongozi wake ni wengi, na hewa yake ni mali ya serikali kuanzia usawa wa paji la uso kwenda juu. Chini ya hapo mtu anaruhusiwa kupumua kwa kiasi.

Mimi ni mtumishi wa Mamlaka ya Mawimbi. Cheo changu ni Msikilizaji wa Ukimya, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halina mtu, lakini lina gari. Nayaeleza haya kwa sababu mitaani yamezagaa maneno kuhusu kifo cha Waziri wetu, na wanaoyasema hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Ndimi niliyepokea simu.

*

Zamani kila redio ya jamii ilikuwa na masafa yake. Wafuga nyuki walikuwa na yao, wafugaji wa ng'ombe yao, mama lishe yao, na watu wakasema ovyo bila mpangilio, mara bei ya unga, mara daraja limevunjika, mara mwalimu haonekani shuleni. Ndipo Mheshimiwa Sungwa Ndaro alipoteuliwa kuwa Waziri wa Mawimbi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusafiri ng'ambo kwenda kuyachunguza masafa yalikotoka. Akarudi na masanduku mengi na ugunduzi mmoja, nao ni kwamba masafa huchakaa.

"Ndugu wananchi," alituambia pale uwanja wa ndege, "masafa ni sawa na godoro. Wakililalia watu wengi, linabonyea. Na nyinyi mmelala mno!"

Tukapiga makofi hadi viganja vikavimba. Aliyeacha kupiga kwanza ni bwana mmoja wa posta, na hadi leo anafanya kazi posta ya kisiwani, ambako hakuna barua.

Ikabidi masafa yagawanywe upya kwa haki. Redio ya Taifa ikapata yake. Idhaa ya Pili ya Redio ya Taifa, ambayo kazi yake ni kurudia yaliyosemwa na ya kwanza kwa sauti kubwa zaidi, ikapata yake. Mke wa Waziri akapewa masafa ya kurushia harusi yake, iliyofungwa zamani lakini hotuba zake hazijaisha. Mengine yakatengwa kwa ajili ya mgeni wa kimataifa, endapo siku moja atatokea na kukosa mahali pa kusemea. Mengine yakawekwa akiba. Yaliyobaki wakapewa redio za jamii zote, wagawane kama ndugu, na yaliyobaki yalikuwa 89.3 peke yake.

Kila redio ikapangiwa saa yake. Saa ikifika, kipaza sauti kinakatwa hata kama msemaji yuko katikati ya neno. Mwanzoni palikuwa na ajali ndogondogo. Redio ya mama lishe ilikuwa ikitangaza harusi: "Bwana harusi Mkwizu na wapambe wake wanaombwa..." Ikakatwa. Ikaingia redio ya wafugaji: "...waletwe josho Jumamosi asubuhi, wamefungwa kamba, wachanjwe kimeta." Bwana harusi alikuwa raia mtiifu. Alikwenda na kamba yake mwenyewe. Familia ilipokuja kulalamika ofisini kwetu tuliwaeleza kwamba chanjo ile ni nzuri na gharama yake imebebwa na serikali, wakati harusi wangelipa wenyewe.

Wale watu wa redio, badala ya kugombana, wakajiwekea desturi. Kila anayeingia hewani humalizia kwanza tangazo la aliyekatwa, ndipo aanze la kwake. Wakaiita "la jirani kwanza". Mfuga nyuki akawa anamalizia msiba wa mfuga ng'ombe, na mama lishe anamalizia mahubiri ya mchungaji, tena akiyaongezea chumvi kidogo. Nchi nzima ikaanza kusikilizana.

Waziri alikasirika sana. Alikuwa ametegemea wagombane, na bajeti ya kuwapatanisha ilikuwa imeshatumika.

*

Hapo ndipo zilipozaliwa Saa za Kupumzisha Masafa. Kila siku, kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, hakuna redio ya jamii kusema neno. Mitambo inabaki imewashwa ili ukimya ufike nchi nzima, na wananchi wanatakiwa waache redio zao wazi waupokee. Kuzima redio saa hizo ni kosa, maana ni dalili kwamba mtu hapendi utulivu. Mimi nilikaa na vidude masikioni kuhakikisha kwamba ukimya unaosikika ni wa serikali na si wa mtu binafsi. Msidhani ni kazi rahisi. Kuna ukimya wa kuridhika na kuna ukimya wa kununa, na mtu asiyesomea hawezi kuutofautisha.

Kulikuwa na ruhusa moja tu ya kuuvunja, nayo ni kifo cha kiongozi wa ngazi ya waziri na kuendelea. Hicho hakingoji. Na katika nchi yetu waziri akifa hatumlilii nyumbani. Kila kijiji kina kilima chake cha simanzi, na wote hupanda huko mara moja, na mabalozi wa nyumba kumi huwahesabu. Asiyeonekana hukatiwa sukari mwaka mzima. Kwa kuwa maombolezo huchukua siku kadhaa, watu wamezoea kwenda na mikeka, sufuria, unga, kuku na wazee wao migongoni. Alipofariki waziri mmoja wa zamani, palitokea bwana aliyepanda na mbuzi wake wote, akaomba nao wahesabiwe kwa kuwa walikuwa wakilia. Wakahesabiwa.

Katika nchi yetu hakuna zoezi tunalolijua vizuri kama hilo. Zima moto hatuna, na gari la wagonjwa la wilaya hubeba saruji ya mkuu wake, lakini kumlilia waziri tunaweza hata tukiamshwa usingizini.

*

Sasa niwajulishe kwa Bi Sihaba.

Sihaba alikuwa mtangazaji wa Redio Lango, kibanda cha mabati kilichojengwa juu kabisa, kando ya bwawa la Taifa. Chini ya bwawa ni bonde la Chekeni, lenye mpunga, ndizi, misikiti, makanisa, na watu wasioweza kuhesabika kwa kuwa wahesabuji huogopa mbu. Wahandisi wa bwawa hufungua malango bila kumwambia mtu, maana kumwambia mtu si kazi ya idara yao. Basi kwa miaka mingi Sihaba akiona malango yanafunguka alikuwa akichukua mfuniko wa sufuria, anaugonga mara tatu mbele ya kipaza sauti, na kusema, "Wanangu, pandeni." Watu wakapanda. Hivyo tu.

Lakini ugawaji mpya ulimpa Redio Lango saa ya alfajiri peke yake. Tena ilikuwa imeshatangazwa na Wizara ya Maji kwamba mafuriko yamefutwa nchini tangu Mpango wa Maendeleo uliopita. Kilichobaki ni ziada ya maji, ambayo ni neema.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima. Saa nane na nusu mchana simu yangu ikalia.

"Mamlaka ya Mawimbi, tukusaidie kunyamaza," nikajibu, kama tulivyofundishwa.

"Kaka, mimi Sihaba wa Redio Lango. Wamefungua malango yote ya bwawa. Yote! Maji yanashuka Chekeni. Nakuomba nusu dakika tu niwaambie watu."

"Dada Sihaba, habari za mchana kwanza."

"Kaka, watu watakufa!"

"Habari za mchana."

"Nzuri. Watu watakufa."

"Maji yamekwisha kufika?"

"Bado. Yatafika kabla ya alasiri."

"Basi bado hawajafa," nilimtuliza. "Dada yangu, hizi ni saa za mapumziko. Kama una taarifa ya ziada ya maji, iandike, ipitishe kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye ataileta wizarani. Majibu hutoka kiangazi."

Nikasikia anavuta pumzi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama yangu yuko kule chini, kaka. Nyonga yake mbovu, hawezi kukimbia. Yeye na redio yake tu, anausikiliza huo ukimya wenu."

Nilimwonea huruma. Mimi nami nina mama. "Pole sana, dada. Mama ana cheo chochote?"

"Anauza vitumbua."

"Ah," nikasema.

Akanyamaza. Kwa sikio langu la kitaalamu nilitambua kwamba haukuwa ukimya wa kuridhika.

"Kaka," akasema mwishowe, "saa hizi kuna tangazo gani linaloruhusiwa?"

"Kifo cha waziri tu."

"Na waziri akifa, mimi nikakaa kimya?"

"Unafungwa, dada. Huo ni uhaini."

"Na anayehakikisha kama kweli amekufa ni nani?"

Swali hilo lilinikera kidogo. "Dada Sihaba, adabu! Kifo cha kiongozi hakitiliwi shaka. Wewe nani hata umkatalie waziri asife?"

"Sawa, kaka. Basi nisomee maneno yake yalivyo kwenye kanuni, nisije nikakosea siku ikifika."

Nikamsomea taratibu, yeye akirudia. Alipomaliza aliniambia, "Mungu akulipe, kaka yangu." Katika utumishi wangu wote hakuna mwananchi aliyewahi kunishukuru, na nitasema ukweli, machozi yalinilengalenga. Nikavaa vidude vyangu kurudi kazini.

Dakika hiyo hiyo ukimya ukavunjika.

"Kwa majonzi makubwa," ilisema sauti ya Sihaba, ikitetemeka, "tunawatangazia kwamba Mheshimiwa Sungwa Ndaro, Waziri wa Mawimbi, hatunaye tena. Wananchi wote wa bonde la Chekeni mnatakiwa kilimani sasa hivi. Si kesho, sasa hivi! Wazee wabebwe. Wagonjwa wabebwe. Mifugo ije, itahesabiwa. Atakayebaki nyumbani atakuwa ameonesha furaha."

Kisha, badala ya mizinga ya heshima, ukagongwa mfuniko wa sufuria mara tatu.

*

Mheshimiwa alikuwa chumba cha pili, anakula kuku. Alikuja mlangoni na paja mkononi.

"Nani amekufa?"

"Wewe, Mheshimiwa. Poleni sana."

Akatafakari. "Wamesema nilipendwa?"

"Hawajafika hapo, Mheshimiwa."

Alipozinduka alianza kupiga kelele kwamba yu hai, lakini nchi yetu ni nchi ya utaratibu. Dereva wake alikuwa ameshang'oa bendera kwenye gari. Katibu wake, akilia kwa nguvu ya kuonekana, alimpita ubavuni akaenda kuifunika picha yake kitambaa cheusi, kisha akamnyang'anya lile paja la kuku kwa kuwa ni mali ya ofisi. Mheshimiwa alipompigia simu naibu wake amsaidie, aliambiwa naibu hayupo, amekwenda kuapishwa.

"Kuapishwa kuwa nani?"

"Kuwa wewe, Marehemu."

Akaona dawa ni moja tu, awaendee wananchi wamwone kwa macho. Mimi nikafuatana naye, kwani hata maiti inahitaji msindikizaji. Tuliingia Chekeni kwa njia ya juu, inayopita mgongoni mwa kilima.

Ndugu zangu, sijawahi kuona msiba wa namna ile. Kilima chote kilikuwa kimejaa. Palikuwa na mikeka, masufuria, kuku, cherehani, mlango wa nyumba, na yule bwana wa mbuzi. Na wote walikuwa wanalia. Lakini hawakututazama sisi. Walikuwa wametazama chini, mahali pa nyumba zao, ambapo sasa palikuwa na maji mekundu yaliyokuwa yakibeba mapaa na migomba kuipeleka baharini. Maji yalikuwa yamefika nusu ya mnara wa msikiti. Mabalozi walikuwa wakihesabu watu kwa uchungu, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilikuwa imetimia.

Mheshimiwa akapanda juu ya jiwe. "Ndugu wananchi! Futeni machozi. Mimi ni mzima!"

Watu wakageuka, wakamtazama, wakarudi kutazama maji. Balozi mmoja akamuuliza kwa upole, "Wewe ni wa nyumba gani, bwana? Nikuandike."

Karibu na jiwe lile palikuwa na mkokoteni, na juu yake ameketi bibi mmoja na redio yake mapajani. Alikuwa Bi Mashavu, mama yake Sihaba. Vijana wa jirani walikuwa wamemsukuma kutoka mwisho wa bonde.

"Bibi," Mheshimiwa akamsihi, "wewe ni mtu mzima, waambie. Si unaniona? Mimi ni hai!"

Bi Mashavu akamtazama kwa muda, kwa huruma ya mtu aliyezika wengi.

"Baba," akasema, "uhai wako tuliuona. Kifo chako ndicho kilichotufaa. Lala pema."

*

Kesi ya Sihaba ilisikilizwa upesi. Mwendesha mashtaka alitaka afungwe maisha kwa kutangaza uongo. Waziri mpya wa Mawimbi, aliyekuwa naibu, alisimama akiwa amevaa suti mpya yenye bei bado ikining'inia, akasema kwa ukali kwamba mahakama ijihadhari. Ikiwa tangazo lile ni la uongo, basi yeye si waziri, na kama si waziri basi suti hii ni ya nani?

Hakimu akaona uzito wa hoja. Marehemu Ndaro alipojaribu kusema kutoka nyuma alikemewa. Katika mahakama zetu marehemu huwakilishwa na msimamizi wa mirathi, na msimamizi alikuwa mke wake, ambaye alikataa kuja kwa kuwa alikuwa hewani, anarusha harusi.

Lakini haiwezekani mtu aletwe mahakamani na aondoke hana kosa. Itaonekana kama polisi walikosea. Wakatafuta, wakapata. Tangazo lile halikusoma wasifu wa marehemu, kinyume cha kanuni. Sihaba akahukumiwa kuusoma kila siku, katika saa zote za mapumziko, bila kuacha, mpaka Mamlaka itakaporidhika kwamba taifa limepona.

Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Nimeridhika na adhabu, Mheshimiwa Hakimu." Hakimu alishangaa, akamwongezea siku za sikukuu.

Taarifa rasmi ya serikali ilitoka baadaye kidogo. Ilikiri kwamba palitokea ziada ya maji katika bonde la Chekeni, mashamba yakaharibika, nyumba zikaenda. Kuhusu vifo ilisema kwamba ziada ile iliua mtu mmoja tu, naye ni Waziri.

*

Mimi nilipandishwa cheo kwa kupokea simu vizuri, nikahamishiwa Chekeni kusikiliza huko huko chini. Nyumba zimejengwa upya mahali pale pale, maana juu ya kilima ni eneo la simanzi na hapajengwi.

Kila siku baada ya saa nane nasikiliza wasifu wa marehemu. Kwa kuwa wasifu wenyewe ulikuwa mfupi, Sihaba hulazimika kuujazia, na mimi sioni kosa, mradi unamsifu. Kitu kinachonishangaza ni utoto wa marehemu, unavyobadilika badilika kufuatana na mvua. Wakati wa kiangazi marehemu alikuwa mtoto mtulivu, alinyonya na kulala. Milimani kukinyesha kidogo, marehemu alianza kusumbua usiku. Nimeandika haya yote kwenye taarifa zangu kwa Mamlaka, wao wamejibu kwamba ni wasifu mzuri, uendelee.

Na marehemu mwenyewe? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mshahara wake ulisimama, nyumba ya serikali akatolewa, na rafiki zake wakasema hawana mazoea na mizimu. Aliomba Mamlaka itangaze kwamba yu hai. Ombi lake limepokelewa, lipo kwenye foleni, nyuma ya yule mgeni wa kimataifa. Siku hizi amepanga kibanda hapa Chekeni, karibu na maji kuliko sote, kwa kuwa ndiko kwenye kodi ya chini. Ana mkeka mmoja na redio ndogo, na redio hiyo haizimi hata akienda chooni. Bi Mashavu humpa vitumbua viwili kila asubuhi, humwambia ni sadaka ya arobaini yake.

Majuzi mvua ilinyesha wiki nzima. Alasiri tumeketi barazani kwa Bi Mashavu, Sihaba akasoma redioni: "Marehemu, alipokuwa mtoto, alilia. Alilia sana. Alilia mchana kutwa, na hakuna aliyembembeleza."

Kabla hajafika nukta, tulimwona mtu mwembamba anatoka mbio kule chini, mkeka kichwani na redio kwapani, anaiparamia njia ya kilimani peke yake mbele ya kijiji kizima, akipiga kelele, "Pandeni! Pandeni, jamani!" Vijana walikuwa wameshaukamata mkokoteni wa Bi Mashavu, njia nyembamba, watu wanaanza kusukumana.

"Mpisheni," akasema Bi Mashavu. "Mpisheni marehemu apite, ana haraka ya kuishi."

Tukampisha.